Kutoka Saa Sita Hadi Saa Saba na Nusu: Mrushaji Aliyeshushwa Daraja Akajifunza Kurusha Upya

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za asubuhi.

Kwanza mnijibu swali. Nani humu ndani hajawahi kuangua embe kwa jiwe? Mikono juu. ... Naona hakuna, hata mwalimu mkuu anacheka. Basi sote ni warushaji, na hakuna aliyetufundisha kiwiko kikae wapi wala mguu upi utangulie. Mkono ulijitafutia njia yake. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kurekebisha urushaji wa kijana. Wengi wenu mnafundisha besiboli mashuleni, na wapo waliokwishapeleka timu pale kiwanja cha Azania, kwa hiyo sheria za mchezo sitazigusa. Nitawapa kisa cha mtu mmoja, Roy Halladay, mrushaji wa ligi kuu ya Marekani, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, na zaidi miezi michache ya mwaka 2001 ambayo hakuwa nyota wa kitu chochote.

Halladay alizaliwa Denver, Marekani, mwaka 1977. Jitu refu, mita 1.98. Timu ya Toronto Blue Jays ya Kanada ilimchagua mwaka 1995 akiwa ndiyo kwanza anamaliza sekondari. Septemba 1998, ana miaka 21, anaanza mechi yake ya pili tu katika ligi kuu, dhidi ya timu ya Detroit. Inafika awamu ya tisa, ya mwisho, wapigaji wawili kati ya watatu wa kutolewa wameshatolewa, na hakuna mpigaji aliyepata hata pigo moja halali. Amebakiza mtu mmoja aingie kwenye vitabu. Bobby Higginson akaletwa kutoka benchi, akaupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, mkimbio huo kwa Detroit, na rekodi ikapotea. Hata hivyo Toronto walishinda 2 kwa 1, na kila mtu akasema huyu kijana ni moto.

Miaka miwili baadaye moto ukawa majivu. Msimu wa 2000 aliruhusu wastani wa mikimbio 10.64 kwa kila awamu tisa. Kwa wageni wa hesabu hizi, mrushaji mzuri huruhusu mitatu, minne. Mpaka msimu ule hakuna mtu aliyewahi kurusha awamu 50 au zaidi akawa na wastani mbaya kuliko huo. Katika historia yote ya ligi kuu, jamani.

Kasi alikuwa nayo bado, na hapo ndipo wengi tungepotea. Tungemwambia kaza, ongeza nguvu, kimbia viwanja vingi zaidi. Tatizo lilikuwa kwamba mpira wake ulikuja umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Chukulieni uso wa saa, mtazameni mrushaji kwa nyuma. Mkono wake ulikuwa unapita juu kabisa, pale mshale unaposimama saa sita mchana. Makocha wanaupenda mkono wa namna hiyo kwa mtu mrefu, kwa sababu mpira unashuka kutoka dari. Lakini mpira wake haukuyumba kushoto wala kulia, na mpigaji wa ligi kuu akishausoma mstari, kasi haimtishi. Juu ya hayo kijana alishaingiwa na hofu. Mtu mwenye hofu anaanza kulenga badala ya kurusha, na mkono unaolenga unakuwa mzito.

Mwanzoni mwa msimu wa 2001 klabu ikamteremsha. Tena hakuteremshwa ngazi moja. Alishushwa ngazi tatu, hadi timu ya Dunedin kule Florida, akacheze na vijana wanaoanza maisha. Fikirieni mtu aliyebakiza mpigaji mmoja tu kuingia kwenye vitabu, leo anapanda basi na watoto wa miaka 19. Mke wake Brandy alimnunulia kitabu kinachohusu akili ya mrushaji, akakisoma mpaka kikachakaa. Hiyo ni nusu ya dawa. Nusu nyingine aliishika mzee mmoja aitwaye Mel Queen, kocha wa warushaji.

Queen alianza ligi kuu akiwa mchezaji wa eneo la nyuma la uwanja, kisha akageuzwa kuwa mrushaji, kwa hiyo alijua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kuambiwa "sahau ulichokuwa unafanya." Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimkaripia Halladay kwa maneno ambayo siyasemi mbele ya wakubwa zangu. (Mbinu hiyo mimi siipendi, na kwa mtoto wa shule ni sumu. Halladay alikuwa mtu mzima, ana mkataba.) Lakini angalieni alichokibadilisha: aliushusha mkono. Ukatoka saa sita ukaja kwenye saa saba na nusu hivi, njia ya kati, pale ambapo bega na kiwiko vinapita bila kushindana.

Mwalimu, naomba usimame kidogo. Shika hili chungwa. Inua mkono juu kabisa, sikio liguse bega. Unaona kichwa kimelazimika kuinama upande wa pili? Sasa shusha kiwiko kiwe usawa wa bega, mkono uende pembeni kidogo. Kichwa kimerudi katikati chenyewe, na macho yote mawili yanamwona mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji. Tazameni na vidole: mwanzo vilikuwa nyuma ya chungwa, sasa vimekaa pembeni. Ukiliachia, litazunguka kwa mshazari. Mpira unaozunguka kwa mshazari unakata njia. Asante mwalimu, chungwa lako hilo.

Kwa pembe hiyo Halladay akawa na mipira miwili inayoanza sawa machoni pa mpigaji: mmoja unazama kuelekea upande wa mkono wa Halladay mwenyewe, mwingine unachepuka kidogo upande wa pili dakika ya mwisho. Julai alikuwa amerudi Toronto, akamaliza msimu na wastani wa 3.16. Mwaka 2003 alishinda mechi 22 na kupewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora. Mwaka 2010, akiwa timu ya Philadelphia, walikuja wapigaji 27 wa timu ya Florida na wote 27 wakarudi benchi bila mmoja kukanyaga kituo cha kwanza. Alifariki mwaka 2017 katika ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe.

Sasa msitoke hapa mkaenda kushusha mikono ya watoto wote. Kuna kisa cha upande wa pili. Dizzy Dean wa St. Louis alishinda mechi 30 mwaka 1934. Mwaka 1937, katika mechi ya nyota, mpira uliopigwa na Earl Averill ulimvunja kidole gumba cha mguu. Kidole tu! Akarudi uwanjani kabla hakijapona, na ili asikitonese akabadilisha namna ya kukanyaga. Bega likaharibika, na hakuwa tena Dean yule. Nguvu ya kurusha inatoka ardhini, inapanda mguuni, kiunoni, kifuani, ndipo ifike begani, na bega la mrushaji wa ligi kuu huzunguka kwa kasi inayokaribia nyuzi 7,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ikikuta mguu umekanyaga vibaya, bega ndilo linalolipa deni.

Mimi nimewahi kufanya kosa hilo, tena bila kisingizio cha kidole. Nilikuwa na kijana wa miaka 15, mkono wake mzuri ajabu. Kwa wiki moja nikambadilishia hatua, kiwiko na namna ya kuushika mpira. Jumamosi kwenye mechi akasimama juu ya kichuguu, kile kilima kidogo cha mrushaji, akauangalia mpira, akaniangalia mimi. Alikuwa hajui aanzie wapi. Akarusha minne, yote ikapita juu ya kichwa cha mdakaji, akaomba kutoka. Nilimpoteza miezi miwili, na ile wiki ilikuwa katikati ya mashindano. Dunedin ilimsaidia Halladay kwa sababu kule hakuna aliyejali matokeo yake.

Siku hizi mtoto akija, kwanza namrudisha kwenye embe. Namrushia mipira ya kutambaa chini, aidake na kuitupa haraka kwa mwenzake, mara thelathini, hana muda wa kufikiri. Mimi nasimama nyuma yake nausoma mkono unapopita. Pembe inayojirudia, hiyo ni yake, na kazi yangu ni kuona kama akipanda kichuguuni anaiacha. Mkono wa Halladay ulipita juu, na makocha huupenda mkono huo kwa mtu mrefu. Wangapi wenu mna mtoto mrefu mnayemwambia "juu, juu"?

Chai imeletwa, naona. Tunyweni haraka, kisha wale wenye glavu tukutane kiwanjani. Nimekuja na mipira kumi na miwili na nataka nirudi nayo yote.