Reign in Blood na Fadhila za Sauti Kavu

Ndugu Mwenyekiti na wasikilizaji wenzangu,

Mnaonifahamu mnajua ninakoelekea, kwa hiyo sitajifanya kuwa nimekuja na jambo jipya. Kila inapotajwa Reign in Blood, albamu ambayo kundi la Slayer kutoka California liliitoa Oktoba 1986, wapenzi wa metali ya thrash, yaani roki ya magitaa mazito yapigwayo mbio, huisifia kasi, nami kila mara husimama kupinga. Makundi yenye kasi yalikuwa tele mwaka ule, na mengi kati yao hayasikilizwi tena isipokuwa na ndugu zao. Kilichoiweka hai albamu hii ni kwamba iliondolewa mwangwi, ule mvumo unaobaki baada ya noti kupigwa, ikabaki na sauti kavu.

Hapa naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe ni la hesabu. Chukueni mwendo wa mapigo 210 kwa dakika, ambao si wa ajabu katika muziki huu, kisha mgawe kila pigo mara nne: mnapata noti 14 katika sekunde moja. Noti moja ikipewa mwangwi wa sekunde moja tu, kabla haijanyamaza itakuwa imekwisha kuzifunika 14 zinazoifuata, na msikilizaji atakachopokea ni uji. Slayer wenyewe waliipita njia hiyo mwaka 1985 katika Hell Awaits, albamu ninayoipenda, lakini ambayo mwangwi wake umemeza nusu ya kazi ya mikono yao.

Ndipo akaja mtayarishaji Rick Rubin, kijana aliyejulikana kwa kurekodi hip hop huko New York, muziki ambao ngoma yake hukaa mbele, kavu, bila pambo. Yeye na fundi mitambo Andy Wallace waliwafanyia Slayer vivyo hivyo: magitaa ya Jeff Hanneman na Kerry King kila moja upande wake, sauti ya Tom Araya katikati, karibu kabisa na sikio. Sikilizeni "Angel of Death". Wimbo ukikaribia kwisha magitaa yananyamaza ghafla, na kinachobaki ni miguu ya Dave Lombardo juu ya pedali za ngoma mbili kubwa. Ni sekunde chache mno, lakini kila pigo lina mwanzo wake na mwisho wake, na unaweza kuliona likitengana na jirani yake kabla wenzake hawajamrudia kwa kishindo. Tieni mwangwi hapo, nanyi mtakuwa mmemnyang'anya Lombardo miguu yote miwili.

Yupo atakayenyoosha mkono kuniambia kwamba wimbo wa mwisho, "Raining Blood", unafunguliwa na kufungwa kwa mvua na ngurumo, na kwamba hayo ni mapambo ya studio. Sikatai, lakini angalieni yamewekwa wapi: pembezoni, ambako magitaa hayajaanza mbio zake au yamekwisha kuzimaliza. Na yule anayelalamika kila mwaka kwamba dakika 29 ni chache kwa fedha yake, namkumbusha kwamba katika kaseti nyimbo zote 10 zilienea upande mmoja, zikarudiwa zote upande wa pili, hata hakuhitaji kurudisha utepe nyuma. Ni mnunuzi gani mwingine aliyetendewa hisani hiyo?

Kuhusu mashairi nitasema kwa ufupi, ingawa yanastahili mhadhara wake. "Angel of Death" inasimulia ukatili wa Josef Mengele, daktari wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na kwa sababu hiyo kampuni ya Columbia ilikataa kuisambaza albamu, kazi hiyo ikachukuliwa na Geffen. Hanneman na wenzake walishutumiwa kuwa mashabiki wa Wanazi, jambo walilolikana. Mimi naona wimbo unautaja uovu bila kuulaani wala kuusifu, na ubaridi huo unatisha zaidi kwa kuwa hakuna mwangwi wa kuulainisha. Lakini mtu ambaye jamaa zake walipitia kambi ile akikataa kuusikiliza, sina la kumwambia.

Nilikusudia pia kuvitetea vile vipande vya gitaa pekee ambavyo wengi huviona fujo, na kusema neno juu ya jalada alilolichora Larry Carroll, ila Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi na tuisikilize. Namwomba tu fundi wa ukumbi auzime kwanza ule mwangwi alionitilia kwenye kipaza sauti tangu niliposimama hapa.