Jeshi Zima kwa Mfuko Mdogo: Kuchagua Askari wa Mezani

Assalaam aleikum, na kwa nyote, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuacha kahawa zenu barazani mkaja kusikia habari za askari wasiozidi pingili moja ya kidole.

Naona nyuso mpya, basi nieleze mchezo kidogo. Pana meza, kitambaa, majeshi mawili ya sanamu ndogo, utepe wa kupimia na dadu. Unasogeza kikosi kwa kipimo kilichokubaliwa, unarusha dadu kujua nani kapigwa na nani kasimama. Kinachoutenga na drafti ni kwamba vita hivi vilipiganwa kweli. Ndiyo maana wachezaji hubishana mpaka usiku wa manane kama jemadari fulani angeshinda lau angengoja maji yajae.

Sasa, swali ninaloulizwa kila mara ni hili: “Askari mmoja huuzwa shilingi ngapi?” Swali hilo limewafilisi wengi. Hakuna anayecheza na askari mmoja. Uliza bei ya jeshi zima mpaka lisimame mezani: boksi, posta, ushuru, rangi, gundi, na usiku utakaokesha ukipaka. Nimeona watu wakijisifu kwamba wamepata askari kwa bei ya mchele, na leo askari hao bado wamo mfukoni mwao, hawajapakwa hata tone. Hao ni ghali kuliko wote.

Kwa hiyo usianze dukani. Anza na vita unavyotaka kucheza.

Chukueni Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kwa meli wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, kuuteka mji uliolindwa na watu kama 1,000 wa kamanda Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, wengi wao askari Waafrika. Walipigwa na risasi, wakapigwa na nyuki pia, na waliosalia wakapandishwa meli wakaletwa hapa hapa Mombasa. Mkikubaliana kila sanamu isimame badala ya watu 50, upande wa Mjerumani unataka sanamu 20 na upande wa Mwingereza 160. Vita ni vile vile, meza ni ile ile, lakini mmoja ananunua nusu boksi na mwenzake maboksi matatu na zaidi. Mwenye mfuko mwepesi aseme mapema kwamba yeye ni Lettow-Vorbeck! Naona bwana pale nyuma anacheka. Nadhani ameshapata mwenzake wa kumwachia Waingereza.

Au tazameni nje ya dirisha. Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Mzingiro huo ni neema kwa mchezaji asiye na pesa, kwa sababu Wareno waliokuwa ndani walikuwa wachache tangu mwanzo, na maradhi yakawapunguza kuliko panga. Mwaka 1697, Wareno waliokuwa na amri walipokwisha kufa, aliyeushika ulinzi ni Bwana Dau wa Faza na Waswahili wake. Mwaka huo huo manowari ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama hapo chini mbele ya ngome. Hata mwisho, Waomani walipopanda ukuta, waliobaki wakijitetea walikuwa kama dazeni moja. Dazeni moja! Hapo huhitaji kuwapunguza kwa hesabu. Kila sanamu ni mtu mmoja, na boksi moja la Wareno linakutosha kwa usiku wote wa mwisho. Gharama iko kwenye ukuta, na ukuta ni kadibodi.

Baada ya vita, chagua kanuni, maana kanuni ndizo zinazokuagiza idadi. Kuna kanuni za Kiingereza zinazoitwa DBA, zilizotoka 1990, zinazohusu vita vya kale mpaka kama mwaka 1500, yaani karibu na wakati Vasco da Gama alipofika kwetu. Jeshi lake ni vikosi 12 tu, kila kikosi kimebandikwa kwenye kitako kimoja, yaani kibao kidogo cha kusimamia. Wenye mikuki wanne kwa kitako, wapanda farasi watatu, warusha mishale wepesi wawili, tembo mmoja peke yake. Ukijumlisha unapata watu arobaini hivi. Zipo kanuni nyingine zinazotaka sanamu mia tatu ndipo uanze kurusha dadu. Hizo waachieni waliostaafu na kiinua mgongo. Mtindo wa vitako vichache unaweza kuuhamishia kwenye vita vya karne yoyote, na hakuna atakayekushtaki.

Sasa ukubwa. Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa sababu mtu hununua boksi hili la ukubwa huu na lile la ukubwa ule, akifika nyumbani ana majitu yanapigana na vibete. Kipimo cha 1 kwa 72 maana yake ni kwamba mtu wa mita 1.72 anakuwa milimita 24. Sanamu za namna hiyo, za plastiki laini, zilianza kutolewa na Airfix ya Uingereza 1959, na leo zinatengenezwa na Italeri wa Italia, Zvezda wa Urusi, HäT, Strelets na wengineo. Boksi la askari wa miguu huwa na arobaini mpaka hamsini. La wapanda farasi mara nyingi ni kumi na wawili au zaidi kidogo. Kisha kuna milimita 28, plastiki ngumu ya kuunganisha kwa gundi, kama za Perry, Victrix na Warlord Games, zote za Uingereza. Hizo ni nzuri kweli kweli, uso una pua na masharubu, lakini boksi lake ni mara mbili ya bei au zaidi. Milimita 15 na milimita 6 mara nyingi ni za madini. Za milimita 6, kama za Baccus wa Sheffield, zinafaa vita vikubwa ambapo unataka kuona jeshi lote kama linavyoonekana kutoka mlimani. Vaa miwani tu.

Mimi nasimama na 1 kwa 72. Sababu yangu si bei ya boksi peke yake. Kwetu mzigo unakuja na posta, na posta ni uzito. Plastiki laini ni nyepesi, madini ni mazito. Juu ya nauli kuna ushuru wa forodha, na kuna VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo agizeni watu watatu au wanne kwa pamoja, mzigo mmoja, kisha mgawane hapa. Mwenye kutaka Wareno achukue Wareno, mwenye kutaka Waarabu achukue Waarabu. Sanamu zinazopiga magoti, ambazo kila boksi huwa nazo nyingi kupita kiasi, mbadilishane.

Na wale askari wa kijani wa watoto, wanaopatikana ndani ya mifuko ya mitumba kule Kongowea? Wana urefu wa sentimita tano hivi. Kwa mchezo wa watu kumi kwa kumi sakafuni ni safi kabisa. Meza hawaiwezi.

Karatasi niitaje kwa heshima. Strasbourg walikuwa wakichapa askari wa karatasi tangu karne ya 18, watu wakawakata na kuwapanga. Leo unachora mwenyewe au unapata picha, unachapa kwenye duka la fotokopi, unakunja, unagundisha, unasimamisha. Aliye na mfuko mtupu aanze hapo, acheze miezi, ajue kama mchezo wenyewe anaupenda, ndipo aagize plastiki. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Tatizo letu kubwa watu wa pwani ni hili: vita vyetu havimo madukani. Boksi lililoandikwa “Waswahili, 1696” sijaliona. Kuna wachezaji wa ng'ambo ambao kwao Mwafrika ni Mwafrika, watakwambia nunua Wazulu wa Italeri uwaite watu wa Mombasa. Mzulu wa 1879 na ngao yake ya ngozi ya ng'ombe, akilinda Ngome ya Yesu! Babu zetu wakifufuka watatucheka. Ukitaka kukosea, kosea kwenye vifungo vya koti, kwa maana mtu aliyekaa upande wa pili wa meza haoni kifungo. Anachoona ni umbo la kichwa na umbo la silaha. Kilemba kikiwa kilemba na jambia likiwa jambia, jicho linaridhika. Kwa hiyo boksi la mashujaa Waarabu wa enzi za Vita vya Msalaba linakupa nusu ya Waomani wako, hasa wenye mikuki na panga. Na kwa Wareno, Mzungu yeyote wa karne ya 17 mwenye kofia pana na bunduki ndefu anatosha.

Wengine tuwavike wenyewe, na hili nalieleza polepole kwa sababu ndilo linalookoa pesa. Chukua sanamu yoyote yenye mkao unaofaa. Kata ukingo wa kofia kwa wembe mpaka kichwa kiwe mviringo. Chukua tishu ya kawaida, ichambue ubaki na utando mmoja, kata utepe wa upana wa milimita tatu na urefu wa kidole. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu, juu ya kigae. Laza utepe humo ulowe, usokote kidogo tu, kisha uzungushe kichwani mara tatu kwa kijiti cha meno, ncha uiangushie begani. Usiguse mpaka asubuhi. Ukiamka kimekauka kigumu, mikunjo yote imo, na rangi inashika vizuri kuliko kwenye plastiki yenyewe. Kanzu ni hivyo hivyo: kipande cha mraba, kizungushe kuanzia kiunoni kufunika miguu. Askari wa Kizungu wa bei ya chini amekuwa mtu wa Faza, na hujaongeza hata shilingi.

Plastiki laini ina lawama moja ya haki: rangi hubanduka. Mara nyingi kosa ni la mpakaji. Sanamu hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Zioshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, zisugue kwa mswaki mkuukuu, ziache zikauke kabisa. Halafu zipake gundi nyeupe iliyozimuliwa, ndipo uweke rangi ya akriliki, na mwisho vanishi. Mkuki uliopinda uchovye kwenye maji ya moto, unyooshe, kisha uutie kwenye maji baridi. Rangi za mabango za watoto wa shule ni rahisi, lakini hutoka kwa kidole chenye jasho, na Mombasa nani hana jasho? Nunua vikopo vitano vya akriliki: nyeupe, nyeusi, kahawia, nyekundu, buluu. Vingine ni tamaa.

Rangi ya kupuliza msiitumie wakati wa masika. Unyevu ukiwa mwingi inakauka ikiwa na chembechembe, na jeshi lote linaonekana limemwagiwa unga. Ngojeni kaskazi, mpulize asubuhi jua likiwa kali, au mtumie brashi tu. Vitako vikateni kwenye plaiwudi nyembamba au kadibodi ngumu, vyote upana mmoja. Mchanga wa kubandika juu uko pwani bure, ila uosheni kwanza mara mbili tatu. Chumvi ikibaki itatokeza juu ya rangi.

La mwisho ni la wenye watoto. Sanamu za zamani za madini, hasa zilizotengenezwa kabla ya 1966, Britains, watengenezaji wa Kiingereza wa askari wa kuchezea, walipoacha kutumia madini ya risasi, zisiingie mikononi mwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Hata mpya nyingine zina risasi ndani yake. Ukikwangua au kupiga tupa, usipumue vumbi lake, na usile mpaka umenawa. Msizifungie kwenye kabati la mwaloni pia. Mvuke wa mbao hiyo huila risasi ikageuka unga mweupe.

Hapo mezani nimeleta sanamu za 1 kwa 72, za milimita 28 na chache za milimita 15. Njooni mzishike, mpinde mikuki, mlinganishe uzito. Zile tatu zenye vilemba gundi yake bado mbichi, hizo tazameni kwa macho. Bwana wa nyuma uliyecheka, anza wewe na maswali.