Dopamini na Uzito wa Ahadi Kazini

Mheshimiwa Mwenyekiti, wauguzi wafawidhi na wasimamizi wa idara mliokusanyika hapa, nawasalimu.

Nimeombwa kuzungumzia kemikali za ubongo na jinsi zinavyoathiri hisia na ari ya kazi. Mada ni pana, nami nitaibana kwa makusudi, kwa sababu naamini limo ndani yake jambo moja linalomhusu kila anayesimamia watu: pamoja na kile alichopewa, ubongo wa mfanyakazi huhesabu tofauti iliyopo kati ya alichokitarajia na alichokipata, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua kesho atajituma kiasi gani.

Kemikali inayobeba hesabu hiyo ni dopamini. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Uswidi, Arvid Carlsson, aliwapa sungura reserpini, dawa ambayo wakubwa zenu katika fani hii waliitumia kushusha shinikizo la damu. Sungura wale walilegea, masikio yakaanguka, wakakaa bila kujongea. Alipowachoma sindano ya L-dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliinuka wakaanza tena kutembea. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000, na ndiyo iliyofungua njia ya dawa ambayo hadi leo mnawapa wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka na kukakamaa.

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Sivyo, na kosa hili lina madhara. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwachunguza panya ambao karibu dopamini yao yote ilikuwa imeondolewa. Wakitiwa sukari mdomoni walilamba midomo yao kama panya wengine, maana utamu waliuhisi. Lakini chakula kikiwekwa mbele yao hawakukifuata, na bila kulishwa wangekufa njaa. Kuonja raha ni jambo moja, na kupata msukumo wa kuinuka kuifuata ni jambo jingine. Kwa hiyo mfanyakazi anayecheka vizuri na wenzake saa ya chai, kisha akashindwa kuinuka kwenda kwenye kitanda cha mgonjwa anayefuata, si lazima awe mvivu wala mnafiki.

Nakuja sasa kwenye kiini. Wolfram Schultz, akiwa Chuo Kikuu cha Fribourg nchini Uswisi, alipenyeza waya mwembamba wa kupimia umeme hadi karibu na seli za dopamini za kima aliyekuwa akipewa matone ya maji ya matunda. Mwanzoni, tone lilipodondoka mdomoni bila kutarajiwa, seli zilichachamaa. Kima alipokwisha kujifunza kwamba taa ikiwaka tone hufuata, seli zilichachamaa pale taa ilipowaka, na tone lenyewe lilipofika hazikushtuka tena. Kisha taa ikawashwa, na tone likazuiwa. Katika sekunde ileile ambayo lingefika, seli zilinyamaza na kushuka chini ya kiwango chao cha kawaida. Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walieleza kanuni ya hesabu inayolingana na mwenendo huo: seli hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Tazameni wodini siku mshahara unapoingia. Simu inalia ndani ya mfuko wa sare, muuguzi anasoma meseji ya benki akiwa ameshika sinia ya dawa, na uso unachangamka papo hapo, ingawa fedha yenyewe hajaigusa. Ile meseji ndiyo taa ya kima. Nami nadhani ndiyo sababu nyongeza ya Julai, ikishazoeleka, haimwinui mtu tena ifikapo Septemba.

Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi katika maabara ya hospitali moja. Tulikuwa tukishika zamu za usiku bila malipo ya ziada, tena kwa moyo. Siku moja tukatangaziwa kwamba baada ya miezi mitatu zamu hizo zitalipiwa posho, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa ameliomba. Miezi mitatu ikapita, posho haikuja, na hakuna aliyetueleza kitu. Nilianza kuhesabu sampuli: nikifikisha idadi ya chini inayotakiwa, naweka kalamu. Mfuko wangu haukupungukiwa hata senti moja kuliko kabla ya ahadi, lakini ari yangu ilishuka chini ya pale ilipokuwa kabla ya ahadi.

Kuhusu serotonini na oksitosini, kemikali nyingine mbili zinazotajwa sana panapozungumzwa hisia, sitasema mengi. Yapata asilimia 90 ya serotonini ya mwili imo matumboni, na anayewaambia kwamba kipo chakula cha kuipandisha ubongoni ili wafanyakazi wafurahi, mwulizeni ameipimaje.

Kortisoli, homoni ya msongo itokayo kwenye tezi zilizo juu ya figo, inastahili neno zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi wa Marekani, Robert Sapolsky, aliwafuatilia nyani wa Maasai Mara, akiwalaza kwa dawa na kuchukua damu yao. Katika kundi lililotulia, nyani wa chini walikuwa na kortisoli nyingi kuliko wakubwa. Madaraka yalipoyumba, kortisoli ya wakubwa nayo ilipanda. Huko London, Michael Marmot aliwachunguza watumishi wa serikali na kukuta kwamba wajumbe na walinzi wa milango walikufa kwa maradhi ya moyo mara tatu ya maofisa wa juu, na uvutaji wa sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wake uliofuata uliwaona walio hatarini zaidi kuwa wale wasio na sauti juu ya namna na wakati wa kufanya kazi yao.

Chukueni basi ratiba ya zamu. Katika wodi nilizopitia hubandikwa tarehe 30 jioni, na mama wa mtoto mchanga anajua usiku huo kwamba kesho atakesha kazini. Ibandikeni tarehe 15 kwa penseli, watu wabadilishane zamu wao kwa wao kabla haijasainiwa. Na posho ambayo fungu lake halijapatikana, msiitaje kikaoni mpaka lipatikane.

Niko tayari kwa maswali yenu.