Aliyebaki Nyumbani Anaandikwa Wapi?

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, habari za jioni.

Nianze na kitabu cha MTUHA, yaani cha taarifa za huduma za afya, kile kikubwa kilicho mezani kwa muuguzi pale zahanati. Kila anayefika anaandikwa: umri, kijiji, ugonjwa. Mwisho wa mwezi hesabu zinapelekwa wilayani. Lakini yuko mama aliyepima homa ya mwanawe kwa kiganja, akafungua pindo la khanga, akaona pesa haitoshi, akachemsha mwarobaini. Huyo kitabuni hayumo.

Huyo anapatikana kwenye utafiti wa kaya. Tanzania imekuwa ikifanya utafiti wa idadi ya watu na afya tangu 1991, na mdadisi hamsubiri mgonjwa. Humfuata kwake, hata kule ambako gari haliingii. Ndani ya dodoso mna swali ambalo mimi nalipenda kuliko yote: ukiugua, kupata pesa ya matibabu ni tatizo kubwa au si tatizo kubwa? Katika utafiti wa 2015-16, takriban nusu ya wanawake walijibu kuwa ni tatizo kubwa. Nusu, ndugu zangu!

Mtu atauliza, pesa gani, wakati kisera mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure? Ni nauli ya bodaboda usiku. Ni glovu anazoambiwa aje nazo. Ni dawa iliyoandikwa akanunue duka la nje, na kibarua cha siku hiyo kilichopotea. Utafiti wa 2022 ulionyesha wanaojifungulia kwenye vituo wamefika asilimia 81, kutoka 63. Nafurahi kwa dhati. Roho yangu lakini iko kwa hao 19.

Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kabla yake CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na wengi hawakujiunga. Mkulima wa korosho pesa anaipata Novemba. Ukimdai Machi, umemfungia mlango. Wanaopanga michango ya bima waulize na mwezi wa kulipa, si kiasi peke yake.

Nanyi, mdadisi akibisha hodi, mkaribisheni. Mahojiano hayo ni ya faragha. Wengi wetu tunaona haya, tunajibu "si tatizo" huku mtoto anakohoa chumbani. Mwambie ilivyo, aandike.