Inasemaje?

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni, nanyi wanangu mnaomaliza mafunzo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie biashara ndogo. Nitaanzia dukani, ila si kwangu. Siku moja nendeni Ngamiani, hapa Tanga, kwenye maduka ya kanga, msimame kando msikilize. Mama anaingia, anaoneshwa doti. Anashika kitambaa, anatazama pindo, anatazama mji, yaani katikati ya kanga, rangi zimempendeza. Kisha anauliza, "Inasemaje?" Akisomewa jina likamgusa, anafungua pochi. Lisipomgusa anairudisha, hata kama rangi ndiyo hiyohiyo aliyotoka nayo nyumbani moyoni. Pamba ni moja na bei ni moja. Kinachouza pale ni maneno machache yaliyoandikwa kwenye nguo.

Na alama ya mwenye mali nayo ilikuwa na uzito wake. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeitwa pia Abdulla, aliziandika kanga zake "Mali ya Abdulla". Bibi yangu hakujua kusoma, lakini maandishi yale aliyatambua kwa umbo lake, na kanga isiyo nayo aliisogeza pembeni.

Mimi natengeneza achari ya embe hapa Tanga. Miaka mitatu ya mwanzo sikuwahi kujiuliza achari yangu inasemaje. Nilidhani tamu yatosha. Majirani walisifu, shemeji zangu walisifu, na fedha niliziona zikiingia kwenye kibweta, nikaamini nafanya biashara.

Siku moja binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, akanikalisha na daftari. Mama, tuandike. Kwa mpiko mmoja wa chupa 40: embe, ndimu, viungo, mafuta na chumvi, shilingi 38,000. Chupa na vifuniko 24,000. Mkaa 5,000. Bajaji ya kwenda na kurudi sokoni Mgandini 4,000. Jumla 71,000. Nilikuwa nauza chupa 2,000, maana yake napata 80,000. Inabaki 9,000. Akaniuliza: kazi hii ni ya siku ngapi? Nikamwambia siku tatu, kumenya, kuanika, kupika na kujaza. Watu wangapi? Mimi na mdogo wangu. Akagawa. Shilingi 1,500 kwa mtu kwa siku. Nilinyamaza. Nilikuwa nimeamka alfajiri miaka mitatu kwa 1,500, na mikono imechubuka kwa pilipili.

Wanangu, hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotelea, hasa sisi wanawake. Mkono wako hauandikwi daftarini. Embe tunaziandika, mkaa tunauandika, lakini mkono tunauona ni wa bure kwa kuwa uko nyumbani. Siku ukiugua na ukalazimika kumlipa mtu akushikie kazi, ndipo unagundua kumbe biashara haiwezi kumlipa mtu hata mmoja. Jiandikie ujira kabla ya kupanga bei. Hata ukiwa mdogo, uandike.

Nikapandisha hadi 3,500. Wiki mbili za kwanza niliuza chupa sita tu, na usingizi sikuupata. Halafu akaja mama mmoja wa Chumbageni, akanunua mbili, akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Zamani nikiziona za 2,000 nilijua zimelala." Yaani bei yangu ilikuwa inasema, na mimi sikuwepo kuijibia. Niliona nawahurumia wateja, kumbe naisema vibaya kazi yangu mwenyewe.

Ndipo nikaanza lebo. Ya kwanza niliandika "Achari Bora ya Kisasa". Haisemi kitu. Kila mtu ni bora, kila mtu ni wa kisasa. Nikawasikiliza wanunuzi wanauliza nini wanapoishika chupa. Hawakuuliza ubora. Waliuliza embe zimetoka wapi, nimetia rangi, imepikwa lini. Lebo ya pili ikajibu hayo matatu: embe za Muheza, pilipili manga ya Amani, haina rangi, na kwa mkono wangu nikiandika tarehe na kwamba embe zimeanikwa siku mbili. Nitasema wazi kwamba sijawahi kulipia tangazo lililonifaa kama tarehe ile.

Mambo ya usajili nitayapita upesi, mtafundishwa na wenye kazi yao. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi TRA, na alama ya ubora ni TBS. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, atapewa barua ya utambulisho na watamwelekeza. Msiwaogope. Niliwaogopa muda mrefu bila sababu.

Lakini lebo ikisema, chupa lazima iitike. Mwaka uliofuata, mvua za vuli zilichelewa kukata, na mimi nilikuwa na oda. Embe zangu huanikwa siku mbili za jua kali. Safari ile zilipata nusu siku, nikazipika hivyohivyo. Siku ya tisa mteja akanipigia: kifuniko kimevimba, ukifungua inatoa povu. Maji yalikuwa yamebaki ndani ya embe, yakaizidi nguvu chumvi na ndimu, ikachacha. Chupa 40 zilikuwa zimeshatoka. Nilizifuata moja moja, nyingine hadi Pongwe. Nilizipata 37, nikarudisha fedha, nikazimwaga zote. Mume wangu alisema niziache, wengine hata hawajafungua. Lakini nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba zimeanikwa siku mbili. Ningemtazamaje yule mama wa Chumbageni?

Sasa mali kauli. Mnaijua: unaacha bidhaa dukani, mwenye duka akiuza anakulipa. Hakuna karatasi, kuna kauli. Ndiyo inayotuingiza wadogo sokoni, siilaani. Ila duka moja kubwa, ambalo sitalitaja, lilinitaka niwape chupa 120, mwezi wa pili wakataka 200. Nilifurahi mno. Viduka vya Makorora vilivyokuwa vikichukua kumi kumi nikaviambia sina nafasi. Miezi minne sikulipwa. Kila nikienda, mhasibu katoka. Embe za msimu nilizinunua kwa mkopo wa kikoba, na riba nikailipa mfukoni kwangu. Fedha zilikuja mwishowe, lakini viduka vya Makorora vilikuwa vimeshapata achari ya mtu mwingine, na haki yao.

Marehemu baba yangu alikuwa mkata mkonge, na nilipomsimulia alicheka kwa uchungu. Mji huu umeujua mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche yake kutoka Florida mwaka 1893. Miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Katani nyingi ilikwenda ng'ambo kuwa kamba za kufungia majani ya mifugo. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka. Sababu nyingine zipo, lakini baba aliiona hiyo kwa macho yake: mashamba yakaota vichaka, na wakataji wakatafuta vibarua mjini. Akaniambia, "Wewe umeweka shamba lako lote kwenye kamba moja."

Siku hizi hakuna duka linalochukua zaidi ya robo ya mzigo wangu. Mali kauli yangu ni chupa 12. Zikilipwa ndipo naleta 12 nyingine, na tunasaini wote wawili kwenye daftari. Wapo waliokataa. Tumeagana vizuri, na mmoja amerudi.

Naona binti pale mbele ananyoosha mkono. Sema, mwanangu.

Anauliza: shangazi yake anakuja kuchukua bidhaa na halipi, na kumdai ni aibu. Afanyeje?

Usimdai shangazi. Mpe moja, umwambie hii ni zawadi, na uiandike daftarini kuwa zawadi, kwa bei yake kamili. Akija tena, mtajie bei kwa upole kabla hajaitia mfukoni, si baada. Mwezi wa kwanza nilipoandika zawadi zangu zilifika chupa 14, yaani shilingi 49,000. Sikuziacha zote, kwa kuwa udugu nao nauhitaji. Sasa ni nne kwa mwezi, na nachagua mwenyewe nani nampa. Daftari lenyewe hili hapa, lipitisheni mlione. Mwenye swali jingine?