Karatu: Kura ya Mji Mdogo Isomwe Kuanzia kwa Diwani

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie siasa za miji midogo ya vijijini. Nitazungumzia Karatu, mji mdogo wa mkoa wa Arusha. Nimelisema jambo hili kwenye kumbi nyingi na nitaendelea kulisema, kwa sababu bado nasikia wasomi wakiieleza kura ya Karatu kwa sentensi moja: "Wale walikuwa wanampenda Slaa tu."

Haya, tuanze na huyo Slaa. Mwaka 1995 Dk. Willibrod Slaa aliongoza kura za maoni za kumpata mgombea ubunge wa CCM, chama tawala, vikao vya juu vya chama vikakata jina lake. Akahamia CHADEMA, chama cha upinzani, watu wakamfuata, akawa mbunge. Akarudi 2000, akarudi 2005. Mpaka hapo anayesema kura ilikuwa ya mtu ana hoja. Lakini asikimbie kabla hatujamaliza! Mwaka 2010 Slaa hakugombea Karatu. Aligombea urais, akapata takriban asilimia 27 ya kura za nchi nzima. Jimbo likabaki CHADEMA, kwa Mchungaji Israel Natse. Kisha ukaja 2015, mwaka ambao wachambuzi wetu wanauruka, na mimi unanikera mno unaporukwa. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, akatoka CCM akaingia CHADEMA na kuwa mgombea wake wa urais, Slaa akajitoa, akatangaza kuachana na siasa za vyama zikiwa zimebaki wiki chache watu wapige kura. Kama Karatu walikuwa wanampigia Slaa, hapo ndipo wangetawanyika. Hawakutawanyika. Wakamchagua Willy Qambalo, wa CHADEMA vilevile. Sasa nielezeni: kura ile ilikuwa ya nani?

Najua kuna mtu hapa anataka kuniambia ukabila, kwamba ni Wairaqw wanapeana kura. Mzee wangu, Mbulu nako ni kwa Wairaqw, na Karatu yenyewe ilimegwa kutoka wilaya ya Mbulu. Mwaka 2005, Karatu ilipomrudisha Slaa, Mbulu ilimchagua Philip Marmo wa CCM. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, kura mbali mbali. Tuache uvivu huu wa kutafuta kabila kila tunaposhindwa kufikiri.

Jibu langu liko kwenye karatasi ya tatu. Siku ya uchaguzi mwananchi anapewa ya urais, ya ubunge na ya udiwani, na hiyo ya mwisho ndiyo tunayoidharau. Nendeni Mang'ola, bonde la Eyasi, wakati wa vitunguu. Mtaona gunia limejazwa hadi mdomoni, kisha juu yake wameshonea kilemba cha wavu na kukijaza tena. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima amelipwa gunia moja, mnunuzi ameondoka na gunia na ziada yake, na barabarani bado kuna ushuru wa mazao wa halmashauri. Mkulima yule hamuulizi Rais. Anamuuliza diwani: lumbesa mmeizuia au hamjaizuia? Ushuru wetu umefanya nini? Diwani anaishi kata ile ile, anachota maji bomba lile lile, hana pa kujificha.

Na maji, ndugu zangu! Karatu, wananchi wa vijiji waliendesha mradi wao, KAVIWASU, wakajifunza kuhoji bei ya ndoo na kudai hesabu kwenye mkutano. Mtu aliyezoea kudai hesabu ya bomba atadai hesabu ya halmashauri. Ndiyo maana ubishi wa nani aendeshe maji, KAVIWASU au mamlaka ya maji ya mji, haukuwa wa mafundi bomba peke yao. Ulikuwa siasa ya Karatu yenyewe, na CHADEMA ilipoongoza halmashauri iliukuta mezani.

Mtasema nawapamba wapinzani. Hapana. Madiwani wa CHADEMA nao walibanwa kwa maswali hayo hayo, na mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, chama chochote kiwe na viti vingi. Mpiga kura wa Karatu anayajua haya kuliko wachambuzi wa Dar es Salaam.

Nilitaka niseme kuhusu vijana wa utalii, maana barabara ya Ngorongoro inapita katikati ya mji, na kuhusu kina mama wa mnadani. Muda hauniruhusu.

Ila 2020 siiruki. Jimbo lilikwenda CCM, na wengine wakaandika kwamba Karatu "imerudi nyumbani". Mwaka mmoja nyuma wapinzani walikuwa wamejitoa kwenye uchaguzi wa vijiji na vitongoji, wakilalamika wagombea wao wameenguliwa kwa wingi. Na 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura. Huwezi kupima mwelekeo wa watu kwa chaguo ambalo hawakuwekewa mbele. Tunaotaka kuijua Karatu tupewe matokeo ya udiwani kituo kwa kituo, tangu 1995, yawekwe mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuyasoma. Hilo naliomba kwa Tume ya Uchaguzi, na nitaliomba tena.

Karibuni maswali.