Mvua ikinyesha, picha zangu zitalowa?

ZUHURA: Karibuni tena. Ni Zuhura, na mbele yangu yuko Deo, ambaye leo hata chai hajaigusa. Tumepanga maneno manne ya kompyuta na simu: wingu, kivinjari, nywila na RAM. Hiyo RAM mmeiomba sana, tutafika. Haya Deo, anza.

DEO: Nianze na wingu, maana ndilo limeniliza wiki hii. Jumanne mama alinipigia kutoka Muleba. Simu imemwandikia nafasi imejaa, hata picha moja haipigi. Nikamwambia, mama, futa hizo picha za zamani, usiogope, zote zipo kwenye wingu.

ZUHURA: Ukamwambia mama yetu "wingu", hivyo hivyo?

DEO: Hivyo hivyo. Akanyamaza. Halafu akauliza: "Wingu la wapi, Deo? Huku yanashuka kila siku. Mvua ikinyesha, picha zangu zitalowa?"

ZUHURA: (anacheka) Swali la haki kabisa hilo! Mkoa wa Kagera na mvua zake!

DEO: Mimi nilikuwa kwenye daladala, nikacheka. Nikamwambia futa tu, na takataka nayo uimwage ili nafasi ipatikane. Akafuta, akamwaga. Jioni naingia kwenye akaunti yake, maana niliifungua mimi, picha hakuna. Za mzee, Zuhura. Zile za mwisho, amekaa barazani na kofia yake.

ZUHURA: Ee Mungu. Pole, kaka.

DEO: Nimeshapoa. Lakini nataka kila anayetusikiliza aelewe kilichotokea.

ZUHURA: Basi tueleze, maana mtu atajiuliza: amefuta kwenye simu, huko kwenye wingu zimefutikaje?

DEO: Ni kitu kinaitwa kusawazisha. Programu ya picha inahakikisha simu yako na kule mbali vinafanana. Ukiongeza huku, kule inaongezeka. Ukifuta huku, kule inafutika. Kwenye programu ya mama, picha iliyofutwa inakaa siku 60 kwenye takataka kabla haijapotea kabisa, na hiyo takataka ndiyo niliyomwambia aimwage. Kulikuwa na kitufe kingine cha kupunguza mzigo, kinachoondoa zilizo kwenye simu peke yake na kuacha za kule. Sikukitaja. Nakala rudufu ya kweli ni ile ambayo ukifuta hapa, yenyewe haiguswi. Diski ya pembeni, flashi, kompyuta ya nyumbani.

ZUHURA: Na mimi nasema kilichomponza mama ni hilo jina. Wingu! Wingu halina mwenyewe, halina mlango, halina kodi. Wakati kinachoitwa wingu ni majumba yenye kompyuta zimepangwa rafu kwa rafu, zina umeme, zina walinzi, kuna kampuni inayomiliki na kuna mkataba uliobonyeza "nakubali". Mama angeambiwa "ghala", asingeuliza habari za mvua. Angeuliza: ghala la nani, na nikitoa kitu nani anabaki na funguo? Hayo ndiyo maswali yenyewe!

DEO: Mama angeuliza mvua hata kwenye ghala. Mahindi yanaota ukungu.

ZUHURA: (anacheka) Sawa, lakini angejua paa liko wapi! Na wewe unajua wingu lilikotoka. Mafundi wa mitandao walikuwa wakichora michoro yao, wakifika sehemu ya mtandao ambayo hawana haja ya kuionyesha undani wake, wanachora kawingu. Maana yake: humu ndani usijali kuna nini. Na sisi tukalichukua hilo tukampa mama Muleba.

DEO: Limeshaingia, dada. Mama akifungua simu haoni ghala, anaona kile kichoro cha wingu. Nikimfundisha ghala, siku nisipokuwepo atabonyeza wapi? Mbona tunasema kipanya cha kompyuta na hakuna aliyetegea mtego?

ZUHURA: Kipanya unakishika! Ukikiangalia na mkia wake wa waya, unaona kwa nini kimeitwa hivyo. Wingu ukiliangalia unaona nini?

DEO: Na ghala lako je? Nikiweka gunia ghalani, nikala yaliyobaki nyumbani, gunia la ghalani linatoweka? Halitoweki. Lakini picha zilitoweka. Kwa hiyo ghala lingemdanganya mama zaidi ya wingu.

ZUHURA: ...Hilo ni la kusawazisha, si la ghala.

DEO: Ni lile lile lililofuta picha.

ZUHURA: Hapana, sikubali. Mtu akijua kuna mwenye ghala, anauliza masharti kabla ya kutoa kitu. Jina ndilo linalomfungua mtu mdomo.

DEO: Maneno ya kutungwa mezani unajua mwisho wake. Tarakilishi, yaani kompyuta, ipo vitabuni miaka yote hii, wanafunzi Kenya wanaifahamu, lakini nenda Kariakoo kaulize bei ya tarakilishi.

ZUHURA: Na kishikwambi, yaani tableti? Kabla ya sensa ya Agosti 2022 wangapi walilitamka? Makarani wakapita nyumba kwa nyumba navyo, leo hata bibi yangu Pangani anasema kishikwambi.

DEO: Kwa sababu watu walikiona mkononi mwa karani! Ghala lako nani atalibeba mlangoni?

ZUHURA: Baharini je? Unakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya za intaneti za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu kule kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania tukakaa tunatazama simu. Watu wakashangaa: kumbe intaneti yetu inapita chini ya maji! Miaka yote tumeangalia juu, mawinguni, kumbe nyaya zimelala kwenye mchanga wa bahari. Jina limetugeuza shingo, Deo.

DEO: Siku ile nami sikupata hata barua pepe moja. Lakini tulijifunza kwa kuelezwa, jina halikubadilika. Mama akielezwa vizuri, hata ukiita sufuria ataelewa. Kosa ni langu niliyeeleza kwa haraka nikiwa nimesimama kwenye daladala.

ZUHURA: Usijibebeshe lote. Nusu ni la jina.

DEO: Lote ni la maelezo.

ZUHURA: Basi tumekwama hapo, na mimi sisogei.

DEO: Wala mimi. Fundi wa studio ananionyesha vidole vitano.

ZUHURA: Dakika tano? Na RAM je? Watu wa RAM!

DEO: Haitoshi, tukiigusa tutaiharibu. Nywila na kivinjari navyo vibaki. Kwanza nimalizie la picha, maana kuna mtu nyumbani ana wasiwasi kama mimi Jumanne. Kabla hujamwambia mzazi afute chochote, muulize kwanza picha zipi hataki kuzikosa, na hizo zinakili kwenye flashi ukiwa umekaa naye. Usimwelekeze kwa kupiga simu.

ZUHURA: Za mzee zimepatikana hata moja?

DEO: Saba. Dada alikuwa ametumiwa kwa WhatsApp, zimepungua ubora lakini uso unaonekana. Ile ya kofia ipo.

ZUHURA: Alhamdulillah.

DEO: Asubuhi mama katuma sauti. Anasema: "Sitaki tena za wingu wala za simu. Niletee ya karatasi, niitundike sebuleni pasipovuja." Jumamosi naenda steshenari kuichapisha, na kioo na fremu, halafu naipeleka Muleba mwenyewe.

ZUHURA: Umpe salamu zangu. Na umuulize yeye anapenda lipi, ghala au—

DEO: Simuulizi! Muda umekwisha, tunatoka.